Shaaban Robert hakungoja ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niungame kosa langu mbele ya walimu wenzangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa darasa la sita insha ya "Safari Yangu". Karibu wote walipanda ndege kwenda Dar es Salaam, ingawa hapa kwetu hata basi hupita mara moja kwa siku. Mmoja tu aliandika jinsi alivyotumwa kuchukua mbuzi kwa bibi yake, akapitia shuleni, akamfunga mbuzi karibu na ofisi, naye akaingiza shingo dirishani. Ndipo nikajua daftari letu la mahudhurio lilipotelea wapi! Nilicheka mpaka machozi, kisha nikampa alama 4 kwa 20. Nilidhani hiyo si safari.

Usiku ule nilimkumbuka marehemu Shaaban Robert, tuliyemsoma chuoni. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Hakuwa mkubwa wa serikali. Alikuwa karani. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa idara ya forodha, Pangani na kwingineko. Halafu alihamishiwa Mpwapwa, idara ya wanyama. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi ofisi ya wilaya, kisha ya upimaji ardhi hadi 1960. Sisi walimu twajua uhamisho ulivyo. Wengi wetu tukipelekwa pembeni twanung'unika, na kalamu hubaki ya kusahihishia tu. Yeye aliandika.

Na aliandika nini? Katika Maisha Yangu alieleza ndoa, kifo cha mkewe Amina, uhamisho na malezi. Bintiye alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe Utenzi wa Adili. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad wa Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri. Mwaka 1954 kilitoka Kielezo cha Insha, kitabu cha insha fupi fupi. Hata alipopaa angani, katika Kusadikika, macho yake yalikuwa huku chini, kwa watawala wasiopenda kuambiwa kweli.

Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui. Majalada aliyoyapanga ofisini hakuna ayakumbukaye, lakini vitabu vyake vyasomwa hadi leo.

Asubuhi yake nilimwita mtoto yule asome insha yake mbele ya darasa. Walicheka wote. Nikambadilishia alama, nikampa 17. Tatu nilizozuia ni za tahajia.

Walimu wenzangu, tusiwafundishe watoto kwamba kwao hakuna la kuandikwa. Ama daftari la mahudhurio, Ndugu Mhariri, Mwalimu Mkuu angali akilitafuta. Atakaposoma barua hii atajua.

Mwalimu wa Kijijini,
Handeni, Tanga.