Kabla ya Simba Kulikuwa na Maua

Jina la Joy Adamson linapotajwa, aghalabu wengi wetu hukumbuka simba aliyeitwa Elsa, na kitabu cha mwaka 1960 kilichompa mwanamke huyo sifa duniani kote. Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, humkumbuka kwa jambo jingine. Karibu miaka 20 kabla ya Elsa kuzaliwa, mwanamke huyu aliketi porini akayachora maua ya nchi hii.

Alizaliwa Januari 20, 1910, katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya himaya ya Austria na ambao leo unaitwa Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Viktoria Gessner. Alisomea piano mjini Vienna. Mwaka 1937 alifunga safari ya Kenya, na melini akakutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa bingwa wa elimu ya mimea. Walioana mwaka uliofuata, na ni Bally aliyempa jina la Joy.

Bally alifanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Coryndon, ambalo sasa ni Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Alipokwenda kukusanya mimea, mathalan katika vilima vya Chyulu mwaka 1938, alikabiliwa na tatizo linalowasumbua wote wa fani hiyo: mmea ukishabanwa katikati ya karatasi na kukauka, umbo hubaki lakini rangi hupotea. Joy akashika brashi na rangi za maji.

Kazi hiyo si mapambo. Mchoraji wa mimea hana ruhusa ya kubuni. Hana budi kupima urefu wa jani, kuhesabu petali, kuonyesha jinsi kikonyo kinavyoshikana na shina, na kumaliza rangi kabla ua halijanyauka. Kamera hunasa mmea mmoja pamoja na kasoro zake, ilhali mchoro hudhihirisha alama zitakazomwezesha mtu kuutambua mmea wa aina hiyo popote atakapouona.

Mwaka 1947, Royal Horticultural Society ya Uingereza ilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Kitabu cha Dale na Greenway kuhusu miti na vichaka vya Kenya, kilichotoka mwaka 1961, kilipambwa kwa picha zake. Wakati huo alikwisha kuolewa na George Adamson, tangu mwaka 1944, na kuanzia mwaka 1949 alikuwa ameifanyia serikali ya kikoloni kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao. Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye, na simdai utakatifu. Aliuawa Shaba, Januari 3, 1980. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni simba aliyemuua, kumbe alikuwa binadamu.

Kwa nini basi mwanaisimu ajishughulishe na michoro ya maua? Msomaji, fungua kamusi zetu. Utakuta majina chungu nzima ambayo yamefafanuliwa kuwa ni aina ya mti, au aina ya mmea, basi. Mti gani? Una majani ya namna gani? Kamusi kimya.

Nami sijitoi katika lawama hiyo. Nilipokuwa mwanafunzi, nyanya yangu alinitajia majina ya mimea ya pale kijijini, tukitembea naye shambani. Niliyaandika kwa uangalifu mkubwa, pamoja na matamshi yake, na kando ya kila jina nikatia neno moja tu: mti, au kichaka. Nyanya amekwisha kufariki. Daftari ninalo, na majina ninaweza kuyatamka barabara, lakini mengi kati ya mimea hiyo nikiipita leo njiani siijui. Laiti ningalichora hata jani moja!

Walimu wa Kiswahili na wa sayansi wanaweza kulirekebisha jambo hili bila kungoja fedha za mtu. Penseli ipo. Mwanafunzi na aketi mbele ya mmea mmoja, auchore kwa uaminifu, kisha aandike chini yake jina ambalo wazee wa hapo huuita, wangali hai.