Dennis Ritchie

Dennis MacAlistair Ritchie (9 Septemba 1941 – Oktoba 2011) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni lugha ya programu ya C na kwa kuanzisha mfumo wa uendeshaji wa Unix pamoja na Ken Thompson. Ndiye pia aliyebuni ruhusa maalumu ya faili iitwayo setuid, ambayo inatumika katika Linux hadi leo.

Maisha

Ritchie alizaliwa Bronxville, New York. Baba yake, Alistair, alikuwa mwanasayansi wa Bell Labs. Dennis alihitimu fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1963, akajiunga na Bell Labs mwaka 1967. Kazi ya Unix ilianza mwaka 1969. Mwaka 1973 mfumo huo uliandikwa upya kwa lugha ya C, na hivyo baadaye ukaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta za aina nyingine.

Ruhusa ya setuid

Kompyuta moja ya Unix ilitumiwa na watu wengi. Kila faili ilikuwa na mwenyewe, pamoja na ruhusa za kusoma, kuandika na kuendesha. Hapo palizuka tatizo: mtumiaji anatakiwa aweze kubadilisha nywila yake, lakini asiweze kugusa nywila za wenzake zilizomo katika faili hiyohiyo.

Ritchie aliongeza alama moja kwenye faili ya programu. Programu yenye alama hiyo hufanya kazi kwa mamlaka ya mwenye faili, si ya aliyeiendesha. Mtumiaji hapati mamlaka yote. Anapata kile tu ambacho programu inaruhusu. Ombi la hataza lilipelekwa mwaka 1973, ikatolewa mwaka 1979, kisha ikaachwa itumiwe na umma bila malipo.

Katika Linux, amri ya chmod 4755 huweka setuid, na herufi s huonekana mahali pa x. Zipo ruhusa nyingine mbili za jamii hiyo. Setgid (2000) ikiwekwa kwenye saraka, faili mpya humo huchukua kundi la saraka. Alama ya 1000, inayoonekana kama t kwenye saraka ya /tmp, huzuia watumiaji wa kawaida kufuta faili za wenzao.

Setuid ina hatari yake: kosa dogo katika programu inayomilikiwa na msimamizi mkuu, root, linaweza kumpa mvamizi kompyuta nzima. Kwa hiyo wasimamizi hushauriwa kuiweka kwenye programu chache tu.

Tuzo na kifo

Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing mwaka 1983. Ritchie alistaafu mwaka 2007. Tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na umri wa miaka 70.