Aldous Huxley na Ulimwengu Usio na Mama

Mama ni mama, hata akiwa rikwama. Ndivyo tulivyofunzwa tangu utotoni. Lakini ipo riwaya mashuhuri ya Kiingereza ambamo neno mama ni tusi, na atajwapo mzazi wasikilizaji huinamisha nyuso kwa aibu. Aliyeitunga alifiwa na mamake mzazi akiwa na umri wa miaka 14.

Aldous Leonard Huxley alizaliwa tarehe 26 Julai 1894 huko Godalming, kusini mwa Uingereza. Babu yake, Thomas Henry Huxley, alikuwa mwanabiolojia aliyeitetea nadharia ya Darwin. Mamake, Bi. Julia Arnold, alikuwa mwalimu. Mnamo mwaka wa 1902 alianzisha shule ya wasichana ya Prior's Field. Miaka sita baadaye, saratani ilimwondoa duniani. Msiba huo haukuja peke yake. Mwaka wa 1911 Aldous alipatwa na maradhi ya macho yaliyomnyima uwezo wa kusoma kwa muda, nayo matumaini yake ya kuwa daktari yakazimika. Mwaka wa 1914 kaka yake Trevenen alijitoa uhai. Pamoja na hayo yote, Aldous alihitimu katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 1916 akiwa na shahada ya daraja la kwanza. Alimwoa Maria Nys, Mbelgiji, mwaka wa 1919, na mwaka uliofuata wakajaliwa mwana, Matthew.

Zama hizo sayansi ilikuwa imeanza kuunyemelea uzazi wenyewe. Mwaka wa 1923 mwanasayansi J.B.S. Haldane alitabiri kwamba siku moja watoto wangekuzwa nje ya tumbo la mama. Huxley aliuchukua utabiri huo, akauliza: je, nani atakayeishika chupa hiyo, na kwa faida ya nani? Jibu lake ni riwaya ya Brave New World, iliyochapishwa mwaka wa 1932. Humo watoto hawazaliwi. Hutengenezwa kiwandani, London, ndani ya chupa, na yai moja laweza kutoa pacha 96. Kila mtoto hupangiwa tabaka lake kabla hajavuta pumzi. Uchungu wa uzazi umefutwa, na pamoja nao umefutwa upendo usiogawika kwa amri ya serikali.

Wako wasomaji wanaodhani kwamba Huxley aliwadharau akina mama. Rai yetu ni tofauti. Tumtazame Linda, mwanamke wa ulimwengu huo aliyepotelea nyikani na kujifungua mwana, John. Linda anaona haya kuwa mama, lakini hawezi kuacha kuwa mama: mara ampige mwanawe, mara amkumbatie. Anapokufa hospitalini, John anapiga magoti kando ya kitanda akilia, huku watoto waliozoezwa kukiona kifo kuwa jambo la kawaida wakimshangaa. Hatudai kwamba John ni Huxley. Hata hivyo, ni vigumu kukisoma kifo hicho bila kumkumbuka kijana wa mwaka wa 1908.

Wala Huxley hakuutukuza umama kwa upofu. Mwaka wa 1937 alihamia Marekani, na mwaka wa 1946, katika dibaji mpya, alikiri kwamba alikuwa amemwachia John njia mbili tu, zote za wazimu. Njia ya tatu aliitafuta katika riwaya yake ya mwisho, Island, ya mwaka wa 1962. Katika kisiwa cha Pala mtoto huzaliwa na mamake, ila ana nyumba nyingi za kukimbilia kwao kukiwa na moto. Hapo ndipo fikra zake zilipotua: mtoto asiwe mali ya serikali, wala asiwe mfungwa wa mzazi mmoja. Msomaji aliyelelewa na mama wadogo, shangazi na bibi hatakiona kisiwa hicho kuwa kigeni.

Huxley alifariki tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy, na habari za kifo chake zikafunikwa na msiba huo mkubwa. Mwaka wa 1978 alizaliwa mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa maabarani. Mtoto huyo alibebwa na mamake, akapendwa. Chupa, basi, si adui. Swali la Huxley lingali palepale: nani anayeishika?