Pierre Romain-Desfossés, mwalimu wa wachoraji wa Lubumbashi aliyekataa kufundisha kuchora

Ukiona picha ya ndege, samaki na nyoka iliyojaa vidoto vya rangi kila pembe, wapenzi wa sanaa watasema ni kazi ya Lubumbashi. Nyuma ya sifa hiyo yumo Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés.

Alizaliwa mwaka wa 1887 mjini Brest, Ufaransa. Alikuwa afisa wa jeshi la majini na pia mchoraji. Vita ya pili ya dunia ndiyo iliyomleta Afrika, akiwa upande wa Jenerali de Gaulle. Vita ilipokwisha hakurudi kwao. Mwaka wa 1946 alifungua karakana ya uchoraji Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Watu waliiita Le Hangar.

Aliwapokea vijana wasiosomea sanaa. Pilipili Mulongoy alikuwa akipaka rangi nyumba. Bela alikuwa akimtumikia mzee huyo mwenyewe; alichora kwa ncha za vidole, bila burashi. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake mistari mifupi mifupi.

Romain-Desfossés aliwapa rangi na nafasi, lakini hakuwaonyesha picha za Ulaya waziige. Kila mmoja alitakiwa kuchota katika kumbukumbu zake: pori, mito, wanyama, uwindaji. Wakati ule shule za wakoloni zilimfundisha Mwafrika kumfuata Mzungu, kwa hiyo njia hiyo ilikuwa ngeni. Hata hivyo ilikuwa na kasoro yake: ni yeye Mzungu aliyeamua Uafrika ni nini. Maisha ya mji, migodi na kambi za wafanyakazi hayakupata nafasi kubwa katika picha hizo.

Alifariki mwaka wa 1954 na karakana ikabaki bila baba. Wengi wangeweza kutupa rangi na kurudia kazi za zamani. Lakini Pilipili na Mwenze walipokelewa katika chuo cha sanaa ambacho Mbelgiji Laurent Moonens alikianzisha mwaka wa 1951, nao wakawa walimu.

Mwaka wa 2015, picha za Le Hangar zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya Beauté Congo. Mwalimu alikuwa ameshakufa miaka zaidi ya 60, na majina yaliyosomwa ukutani yalikuwa ya wanafunzi wake.