Joseph Ki-Zerbo, mwalimu aliyeifuata Guinea ilipobaki bila walimu

Joseph Ki-Zerbo alizaliwa tarehe 21 Juni 1922 huko Toma, katika inchi ya Haute-Volta, ambayo leo inaitwa Burkina Faso. Alisoma historia na siasa kule Paris. Mwaka wa 1956 alifaulu agregasio ya historia, mtihani mgumu wa kuchagua walimu wa lise za Ufaransa.

Alifundisha Orléans, Paris, kisha Dakar. Alikuwa na kazi ya uhakika. Lakini tarehe 28 Septemba 1958, Guinea ilipiga kura ya hapana kwa mpango wa jenerali de Gaulle, ikachukua uhuru wake. Ufaransa iliondoa watumishi wake, pamoja na walimu. Ki-Zerbo na bibi yake Jacqueline wakahamia Conakry, wakaingia darasani.

Mwaka wa 1960 alirudi kwao, akaendelea kufundisha Ouagadougou. Wakati ule, vitabu vingi vya shule vilianza historia ya Afrika pale Wazungu walipofika. Yeye alianza mbali zaidi. Mwaka wa 1972 alitoa kitabu chake kikubwa, Histoire de l'Afrique noire. Kisha akaongoza buku la kwanza la historia ya Afrika ya UNESCO.

Mwaka wa 1983 siasa ilimfukuza inchini. Alipokuwa uhamishoni, maktaba yake ya maelfu ya vitabu iliharibiwa. Alirudi mwaka wa 1992, akafariki tarehe 4 Desemba 2006. Vitabu alivyokusanya vilipotea. Kile alichoandika kingali kinasomwa.