Muhammed Said Abdulla: mkaguzi wa afya aliyeandika mauaji na kicheko

Huku Kavimvira mtu akitaja mzimu, tunafikiri roho ya marehemu. Kule Unguja mzimu ni pahali: pango, ama mti mkubwa, watu wanapeleka sadaka kwa wazee wa zamani. Ni pahali pa namna hiyo Muhammed Said Abdulla aliweka maiti ya riwaya yake ya kwanza.

Alizaliwa 1918 Makunduchi, kusini ya Unguja. Miaka kama kumi alikuwa mkaguzi wa afya serikalini. Ile kazi inataka macho. Kisha akaingia magazetini, na toka 1958 mpaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo.

Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya 1957-58, ikatoka kitabu 1960. Bwana Ali anakutwa amekufa mzimuni. Sasa, wazee wa zamani wakibebeshwa lawama, nani ataenda kuwakamata? Muuaji atalala usingizi wake. Ndipo anafika Bwana Msa, kiko mdomoni, na rafiki yake Najum, mwepesi wa kukosea; hapo tunacheka sana. Bwana Msa anatazama pahali penyewe, anauliza, anafuata mpaka kwa binadamu.

Mwaka 1968 kikaja Kisima cha Giningi. Giningi, kwa masimulizi ya Unguja, ni mji wa wachawi. Hata kule alimtuma Bwana Msa.

Abdulla alifariki 1991.