Niels Finsen, munganga aliyefanya mwangaza kuwa dawa

Niels Finsen alizaliwa mwaka 1860 katika visiwa vya Faroe, akasomea uganga kule Copenhagen. Angali kijana, ugonjwa mzito ukamushika, na nguvu yake ikawa inapunguka kila mwaka. Lakini kazi hakuiacha. Wakati ule kifua kikuu cha ngozi kilikuwa kinakula watu sura. Finsen akakusanya mwangaza wa taa kali ya umeme, akauelekeza kwenye kidonda, na wagonjwa wengi wakapona. Mwaka 1903 akapewa zawadi ya Nobel. Sehemu ya pesa akaitoa kwa kazi ya wagonjwa. Mwaka 1904 akakufa, miaka 43 tu.

Mwaka 1910, muji wa Marseille, Ufaransa, ukatumia mwangaza wa ultravioleti kwa kusafisha mayi ya kunywa. Leo hata kijiji kidogo kinaweza: taa moja, umeme wa jua, mayi yanapita karibu na taa, vijidudu haviwezi tena kuzaana. Ila mayi yachujwe kwanza, maana matope yanazuia mwangaza. Na chombo kiwe safi, sababu mwangaza haubaki ndani ya mayi.

Wandugu, mutu mugonjwa njo alifungua njia. Sisi wazima tunangoja nini?